Mikanda mingapi kwa mwezi, na nani anaisafisha?

Wapiga picha wa filamu wakikutana hawakawii kuulizana: unapiga mikanda mingapi kwa mwezi, na unaisafisha mwenyewe kwa dawa au unapeleka maabara? Mmoja atasema anapiga mmoja tu, na mara nyingine hata huo haumalizi. Mwingine atasema kumi, na yote kaisafisha nyumbani. Hapo mazungumzo hugeuka mashindano, anayepiga mingi akijiona mchapakazi na anayepiga michache akijiona mtu wa busara.

Wa upande wa uchache wanasema hiyo ndiyo faida yenyewe ya filamu: ukijua zimebaki fremu tano, unatazama mara mbili kabla ya kubonyeza. Wa upande wa wingi wanajibu kwamba jicho halinolewi kwa kusubiri. Anayetumia miezi mitatu kumaliza fremu 36 hakumbuki tena alivyopima mwanga kwenye fremu ya kwanza, kwa hiyo kosa lake halimfundishi kitu. Na kusafisha nyumbani, wanaongeza, ndiko kunakomwezesha mtu kupiga mingi bila kufilisika.

Pande zote mbili zina hoja. Ninachokitilia shaka ni kipimo chao, kwa sababu idadi ya mikanda inaeleza machache. Ningependa kujua zaidi mkanda uliokwisha kupigwa unakaa siku ngapi kabla mwenyewe hajaziona negativu, yaani picha za kinyume zinazotokea kwenye filamu iliyosafishwa, na kama kusafisha nyumbani kunazipunguza siku hizo au kunaziongeza. Kwa watu wengi wa filamu ya rangi kunaziongeza, jambo ambalo washabiki wa tangi na mfuko wa giza, vyombo vya kusafishia nyumbani, hawapendi kulisema.

Idadi yenyewe kwanza inapotosha. Mkanda wa milimita 35 una fremu 24 au 36. Mkanda wa 120, ulio mpana zaidi, kwenye kamera ya picha za sentimita 6×6 unatoa 12, na kwenye 6×9 unatoa 8 tu. Mwenye kamera kubwa ya inchi 4×5 hupiga kipande kimoja kimoja cha filamu na hana mkanda wa kuhesabu. Aliyesafisha mikanda minne ya 6×6 ana picha 48, na mwenzake wa milimita 35 humpita kwa kupiga mkanda mmoja na nusu tu wa fremu 36.

Wala tusidanganyane kwamba kusafisha mwenyewe ndiyo desturi ya asili ambayo maabara zilikuja kuivuruga. Ni kweli kwamba baada ya Frederick Scott Archer kutangaza njia yake ya kolodioni mwaka 1851, mpiga picha hakuwa na hiari. Bamba la kioo lilipaswa kupakwa dawa, kupigwa na kusafishwa kabla halijakauka, ndiyo maana watu walisafiri na mahema ya giza. Lakini kufikia 1888 George Eastman alikuwa anauza kamera ya Kodak iliyojazwa mkanda wa picha 100. Ukiumaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani, kisha unaletewa picha zako pamoja na kamera iliyojazwa upya. Kumwachia mtu mwingine dawa ni desturi yenye zaidi ya karne moja, na wengi walioipokea hawakuwa wapiga picha wabovu kwa sababu hiyo.

Hoja ya nyumbani ina nguvu kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe. Chukua D-76, dawa ya Kodak inayotumika tangu 1927. Lita moja, ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, inakuwa lita mbili. Tangi dogo la mkanda mmoja wa milimita 35 linataka mililita 300 hivi, kwa hiyo hapo una mikanda sita, na kila dozi unaitumia mara moja na kuimwaga. Joto ni nyuzi 20. Tri-X, filamu ya Kodak yenye wepesi wa mwanga (ISO) 400, kwenye mchanganyiko huo huchukua dakika 9 na sekunde 45. Maji yakiwa na nyuzi 21 unapunguza muda kidogo, na maisha yanaendelea. Ukinunua filamu ya futi 100 na kujaza vikopo mwenyewe, unapata mikanda kama 18 ya fremu 36, na gharama inashuka tena.

Kuna pia uhuru ambao maabara haiuuzi kwa urahisi. Filamu ya 400 ukiipiga kama ya 1600 kwa sababu ya mwanga hafifu, nyumbani unaongeza dakika kulingana na dawa uliyonayo, unaangalia matokeo, na safari ijayo unarekebisha. Maabara nayo inaweza kuongeza muda, ila inafuata jedwali lake bila kujua ulikuwa unatafuta nini kwenye vivuli.

Ugumu wa kazi hii si kemia. Panapowashinda wengi ni pa kuingiza mkanda kwenye spuli, kigurudumu cha kuizungushia filamu ndani ya tangi, mikono ikiwa ndani ya mfuko wa giza. Vidole vikitoa jasho, filamu hunata kwenye plastiki na kukwama katikati ya njia. Ukiilazimisha inakunjika, na kila mkunjo unaacha kwenye negativu alama yenye umbo la mwezi mwandamo. Dawa yake ni kutumbukiza kila kitu ndani ya tangi, kufunga kifuniko, kutoa mikono nje na kuikausha kabla ya kuanza upya. Spuli yenyewe iwe imekauka kabisa. Tone moja lililobaki kwenye mfereji linatosha kukuharibia jioni. Anayepiga mkanda mmoja kwa miezi miwili hurudi kwenye spuli akiwa mgeni kila mara, wakati wa mikanda minne kwa mwezi vidole vyake vimeshazoea njia. Hapa kambi ya wingi ina haki.

Ila muda unaoliwa na tangi ni mdogo. Kusafisha, kukomesha dawa, kutia fiksa inayoidumisha picha, kisha kuosha kwa njia ya kampuni ya filamu ya Ilford, ya kujaza maji na kupindua tangi mara 5, halafu mara 10, halafu mara 20: chini ya saa moja umeshaning'iniza mkanda. Kinachokula muda ni kuskani. Fremu 36 kwenye skana ya mezani kwa azimio kubwa, pamoja na kufuta vumbi moja moja, zinaweza kumaliza jioni nzima. Ndiyo maana wanaojisifia kusafisha nyumbani mara nyingi wana bahasha za negativu safi ambazo hawajazitazama sawasawa. Hao nao wana foleni, tofauti yake ni kwamba imehamia baada ya tangi.

Mfano mkubwa wa foleni hiyo ni Garry Winogrand, mpiga picha wa mitaani wa Marekani. Alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda kama 2,500 iliyopigwa bila kusafishwa, na mingine kama 6,500 iliyosafishwa ambayo haikuwa imechapiwa hata karatasi ya kuitazamia. Ile 2,500 peke yake, ikiwa ni ya fremu 36, ni picha 90,000 ambazo mwenyewe hakuziona. Wanaomtetea wanasema alichelewesha kwa makusudi, akitaka msisimko wa siku ya kupiga uishe ili achague picha kwa jicho baridi. Hoja hiyo siidharau. Picha iliyopigwa jana humvutia mpigaji kwa mambo ambayo hayamo ndani ya fremu, na mwezi mmoja wa kusubiri humsaidia kuyaacha. Lakini John Szarkowski, aliyeandaa maonyesho makubwa ya kazi yake New York mwaka 1988, alipoipitia ile ya miaka ya mwisho hakuficha kwamba ilimvunja moyo. Kuchelewa kuchagua ni jambo moja, na kuendelea kupiga bila kuona unachopiga ni jambo jingine.

Filamu nayo haisubiri bila kulipisha. Picha iliyojificha kwenye filamu isiyosafishwa hufifia polepole, na kuna filamu dhaifu zaidi ya nyingine: Ilford wanashauri filamu yao ya Pan F Plus isafishwe ndani ya miezi mitatu baada ya kupigwa.

Sasa turudi kwenye rangi. Mchakato wa C-41, wa kusafisha filamu ya rangi, unataka nyuzi 37.8 na dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza. Kwa muda mfupi namna hiyo, sekunde 15 za uzembe zinaonekana. Hilo linawezekana, beseni la maji ya moto na kipimajoto kizuri vinatosha kwa mtu makini. Tatizo ni kalenda. Seti ya dawa za rangi ikishachanganywa huanza kuzeeka hata usipoigusa, na uhai wake ni wa wiki, si wa miaka. Ili isipotee bure, mtu hukusanya mikanda hadi ifike minane au kumi ndipo achanganye. Anayepiga miwili kwa mwezi atangoja miezi minne au mitano. Alinunua seti ili aone picha zake mapema, na sasa anaziona nyuma kabisa ya jirani yake aliyepeleka maabara. Isitoshe mikanda yote kumi inaingia kwenye dawa ileile: kosa la kupima mwanga alilolifanya kwenye wa kwanza kalirudia kwenye mingine tisa, na kosa la joto siku hiyo linaweza kuipata yote.

Kwa hiyo kwenye rangi, mpigaji wa mikanda michache namwelekeza maabara bila kusita. Wa mikanda minane kwa mwezi achanganye dawa zake. Ataimaliza seti kabla haijachoka.

Kwenye nyeusi na nyeupe uchache si kizuizi, mradi dawa ichaguliwe kwa kufuata mwendo wa mtu. D-76 iliyochanganywa hudumu miezi sita kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, lakini miwili tu chupa ikiwa nusu. Mwenye mkanda mmoja kwa mwezi ni afadhali achukue dawa nzito ya maji kama Rodinal, ambayo imekuwepo tangu 1891 na hukaa miaka kwenye chupa yake. Anavuta mililita chache, anaongeza maji, basi. Fiksa nayo ina hesabu mbili. Lita moja ya Ilford Rapid Fixer iliyochanganywa kwa filamu ni ya mikanda 24, ila kwa mpigaji mvivu umri utaimaliza kabla ya idadi. Asikisie: akate kipande cha mwanzo wa filamu, akitumbukize, na ahesabu sekunde hadi kiwe angavu. Ikichukua mara mbili ya muda wa fiksa mpya, imechoka. Na asiimwage kwenye sinki, kwa sababu ina madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu. Aulize maabara kama wanaipokea.

Anayesitasita kati ya njia hizi mbili aanze na kalamu kabla ya kununua tangi. Siku anapoutoa mkanda kwenye kamera, aandike tarehe kwenye kikopo, na siku anapoziona picha aandike nyingine. Tarehe za mikanda mitano au sita zinatosha kumwonyesha kama anachelewa kwenye dawa au kwenye skana, na kama ni skana, tangi halitamsaidia.