Bangi, Texas na mgeni asiye na uraia

Nyumbani Tanzania watu wengi wanaamini kwamba Marekani bangi imeruhusiwa, na vijana wetu wanatua Dallas na Houston wakiwa na imani hiyohiyo. Kwa Texas, imani hiyo ni ya hatari. Kukutwa na bangi isiyozidi aunsi 2, yaani takriban gramu 56, ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi siku 180 na kumtoza faini hadi dola 2,000. Mafuta na pipi zilizotiwa THC, ile kemikali inayolevya, zina adhabu kali zaidi, kwa sababu sheria inaziweka katika kundi jingine na kupima uzito wa pipi nzima, sukari yake ikiwemo. Mkazi wa El Paso anaweza kuvuka hadi Sunland Park katika jimbo jirani la New Mexico, ambako maduka yanauza bangi kihalali tangu Aprili 2022, akanunua pakiti moja ya pipi hizo na kupewa risiti. Akirudi nayo Texas, na ikiwa na uzito wa gramu 4 au zaidi, kosa lake linaweza kuwa na kifungo cha kuanzia miaka 2 hadi 20.

Kinachowapoteza watu ni maduka yaliyo ndani ya Texas yenyewe. Mwaka 2019 bunge la jimbo liliruhusu hempu, mmea uleule wa bangi ila wenye THC isiyozidi asilimia 0.3, kwa nia ya kuwapa wakulima zao jipya. Wafanyabiashara walitambua haraka kwamba asilimia hiyo ndogo, ikiwekwa kwenye pipi nzito au kopo la kinywaji, inatosha kumlevya mtu, na bidhaa hizo zikaenea hadi kwenye vituo vya mafuta. Juni 2025 Gavana Greg Abbott alitumia kura ya turufu kuuzuia muswada wa kuzipiga marufuku. Septemba akaagiza asiuziwe mtu aliye chini ya miaka 21. Novemba mwaka huohuo serikali kuu ya Marekani ikapitisha kifungu cha kuziba mwanya huo nchi nzima, kikapewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika. Mtu aliyefika juzi atajuaje, kwa kutazama pakiti tu, ipi ni halali na ipi itamfunga?

Kwa raia, kukutwa na bangi kidogo mara nyingi huishia kwenye faini au muda wa uangalizi. Kwa sisi tusio raia kunagusa haki ya kuishi hapa. Sheria ya uhamiaji inaruhusu mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kuondolewa nchini akitiwa hatiani kwa dawa za kulevya, na msamaha uliomo ni mwembamba mno: kosa moja tu, la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Gramu 40, ambazo mahakama ya Texas inazihesabu kuwa kosa dogo, tayari zimevuka kiwango hicho. Novemba 2024 wapigakura wa Dallas waliamua kwamba polisi wasimkamate mtu mwenye bangi isiyozidi aunsi 4, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo akaushtaki mji huo. Lakini hata mji ungeshinda, kura hiyo haibadilishi neno moja katika sheria ya uhamiaji. Mwongozo wa idara ya uhamiaji ya Marekani wa Aprili 2019 unaeleza wazi kwamba anayeomba uraia anaweza kukataliwa kwa kutumia bangi, au hata kwa kuajiriwa katika biashara yake, ijapokuwa jimbo analoishi limeiruhusu.

Nyumbani mstari unaonekana. Sheria ya mwaka 2015 ni kali, mashamba ya Tarime na Arumeru yanafyekwa na kuchomwa, na msafiri anayetoka Kenya kupitia Namanga anajua kwamba miraa iliyo zao halali Meru ni dawa ya kulevya akishaingia Tanzania. Uwazi huo nauthamini zaidi tangu nihamie huku. Hata hivyo mgonjwa wa nyumbani anayehitaji dawa itokanayo na bangi hana mlango wa kubisha, na hapo naionea wivu Texas, ambayo mwaka 2015 iliwafungulia wagonjwa wa kifafa sugu, kisha ikaongeza maradhi mengine mwaka 2019 na 2021, na mwaka 2025 ikafikia maumivu sugu, kila hatua ikipitia kwa daktari na daftari la serikali.

Bunge la Texas litakaa tena Januari 2027. Wazazi na wanajeshi wastaafu watakwenda Austin, mji mkuu wa jimbo, kutoa ushahidi, kama walivyofanya miaka iliyopita, na ningependa wahamiaji tuwe miongoni mwao na ombi moja: kila pakiti yenye THC ibebe onyo kwamba asiye raia anaweza kupoteza ukaazi wake. Kabla ya hapo, jumuiya zetu za Dallas na Houston zinaweza kumwalika mwanasheria wa uhamiaji azungumze na vijana wanaofika, mapema, kabla hawajaanza kazi.