Bata Mmoja, Daftari Zima

Daktari aliponishauri nitafute shughuli ya kunituliza moyo, nilichagua kutazama ndege, nikiamini kwamba ni jambo lisilo na gharama wala ugomvi. Darubini imenila pauni 60, na ugomvi ninao na bata.

Kitabu changu kinamwonyesha dume wa bata wa kawaida wa hapa Uingereza akiwa na kichwa cha kijani kinachometameta kama kitambaa cha satini, pete nyeupe shingoni, kifua cha hudhurungi na manyoya meusi yaliyojikunja mkiani. Mwezi wa Julai nilikwenda St James's Park, London, nikakuta majike matupu, yote ya rangi ya udongo wenye madoadoa. Niliandika daftarini kwa uchungu kwamba akina baba wametelekeza familia zao.

Bibi mmoja aliyeketi karibu nami alichungulia daftari, akaniambia kwa upole nitazame midomo. Nusu ya wale “majike” ilikuwa na midomo ya manjano mfululizo, isiyo na lile doa jeusi juu ya rangi ya machungwa alilo nalo jike, kwa hiyo walikuwa madume! Kumbe msimu wa kuzaa ukiisha, dume hunyonyoka urembo wote, na manyoya ya kurukia hudondoka kwa pamoja, hata asiweze kuruka kwa wiki kadhaa, kwa hiyo hujificha kwa kuvaa kanga ya mkewe. Hata sauti inamsaliti, kwa sababu ile kelele kubwa tunayoiiga kwa watoto ni ya jike, ilhali yeye hutoa mkwaruzo mdogo kama mtu aliyelala chini ya feni.

Nilirudi Novemba, vichwa vikiwa vimerudia ukijani wake, nikadhani tumesuluhishana. Siku hiyo nikaona bata mweusi mwenye kifua cheupe kama mhudumu wa hoteli, mwingine mweupe pee, na wa tatu mwenye kishungi kilichosimama kama kofia iliyovaliwa kwa haraka. Nikaandika aina tatu mpya, huku mkono ukitetemeka kwa fahari. Bibi yule yule akanieleza kwamba hao ni machotara wa bata wa kufugwa, nao wa kufugwa, ukiwaacha wale wenye asili ya Amerika ya Kusini, ni uzao wa bata huyu huyu.

Nilipofika nyumbani, mke wangu aliniuliza, “Baba Salma, leo umeona aina ngapi?”

Nilipomjibu kwamba nimeona moja, aliitazama darubini kwa muda mrefu, kisha akarudi jikoni.