Bei Inayosemwa kwa Sauti

Jumapili ya mavuno, katika kanisa letu la Kadutu, hapa Bukavu, watu hawatoki mara tu mchungaji anapomaliza kutoa baraka. Wanabaki kwenye mabenchi kwa sababu matoleo ambayo si fedha bado yamepangwa mbele: mikungu ya ndizi, ndoo za maharagwe, kikapu cha mayai, na mwaka huu jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Shemasi alimwinua juu ya kichwa chake, akataja franki 20,000, kisha akauliza, "Nani anaongeza?" Mama mmoja wa kwaya aliongeza 5,000, papa mmoja wa benchi la nyuma akaongeza 10,000, jogoo akapiga mabawa, watoto wakapanda juu ya mabenchi ili waone vizuri, na bei ikaipita ile ya sokoni bila mtu yeyote kushangaa. Ilipofika 85,000, yule papa alilipa, akampokea jogoo, akamrudisha kwa shemasi ili auzwe tena kwa ajili ya paa la darasa la watoto.

Ninaupenda mnada, na sababu yangu ni moja. Dukani bei imekwisha kuamuliwa kabla mteja hajafika, na sokoni tunapatana kwa kunong'ona, hata anayekuja nyuma yangu hajui nimelipa ngapi. Mnadani bei inazaliwa mbele ya watu wote, na kila aliyekuwapo anaweza kushuhudia nani alisema nini. Warumi waliuita mnada auctio, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuongeza, kwa kuwa walitazama jinsi bei inavyopanda. Neno letu limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita, ndiyo maana tunasema kunadi hata pale ambapo hakuna kinachouzwa. Kwangu mimi, waliosikia sauti walikishika kiini cha jambo kuliko waliotazama bei.

Sauti hiyo hiyo, hata hivyo, iliwahi kuuza watu, na sisi wa mashariki ya Kongo hatuwezi kuliruka jambo hili. Kiswahili ninachoandika kilifika kwetu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na wengi waliochukuliwa Maniema walipelekwa pwani, ambako waliosalimika njiani waliweza kusimamishwa sokoni Zanzibar, wakakaguliwa meno na misuli, kisha bei zao zikatajwa kwa sauti. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pale. Kwa hiyo sidai kwamba uwazi peke yake unatakasa biashara. Uwazi unaonyesha bei tu. Kama kitu chenyewe kinafaa kuuzwa au hakifai, hilo ni swali linalopaswa kujibiwa kabla mnadi hajafungua kinywa.

Nyumba za mnada za Ulaya, kuanzia ile ya Stockholm ya mwaka 1674 hadi Sotheby's ya mwaka 1744 na Christie's ya mwaka 1766 huko London, ninazipita haraka, kwa kuwa michoro ya mamilioni ya dola haitugusi sana. Kinachotugusa ni ule moto unaomwingia mtu anaposikia mwenzake akiongeza. Mwaka 193 walinzi wa kaisari wa Roma walimuua bwana wao, kisha wakaunadi ufalme kwa watu wawili walioshindania ahadi ya fedha kwa kila askari. Mmoja alipofika sesterse 20,000, yaani sarafu za Kirumi, Didius Julianus aliongeza 5,000 kwa mkupuo, akipaza sauti na kuonyesha hesabu kwa vidole vyake. Alishinda, akatawala siku 66, akauawa.

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani walieleza hesabu ya jambo hili, ambalo leo huitwa laana ya mshindi: pale ambapo hakuna anayejua kwa hakika thamani ya kitu, mara nyingi anayeshinda ndiye aliyekosea zaidi kwa kukikadiria juu. Nilikuwa nimekwisha kulijua kwa mfuko wangu. Miaka michache iliyopita, ofisi moja ya hapa mjini iliuza mnadani vitu ilivyokuwa imekamata, na mimi nilitaka jenereta, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu ulikuwa unakatika karibu kila jioni. Nilijiwekea mpaka wa dola 130. Bwana mmoja mwenye kofia nyeusi alikuwa akiongeza kila nilipoongeza, nami nikajikuta ninataja 210 huku moyo ukinidunda. Tulikuwa tumekatazwa kuvuta hata kamba ya kuwashia. Nilipofika nyumbani, fundi aliifungua, akanionyesha silinda ambayo ukuta wake wa ndani ulikuwa umelika hadi kidole kikahisi mfereji. Yule papa wa kanisani alizidisha bei akijua kwamba ziada ni sadaka. Mimi nilizidisha gizani.

Ndiyo maana ninautazama kwa heshima mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia huko mwaka 1969. Kila wiki huuzwa pale chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine za ukanda huu, pamoja na ya kwetu Kongo, kwa dola kwa kila kilo. Kabla ya siku ya kuuza, sampuli huwafikia wanunuzi, nao huzipanga vikombe kwa vikombe, huvuta kijiko kwa kishindo, husukutua, hutema na kuandika. Tangu mwaka 2020 bei inapandishwa kwa kompyuta na kelele za ukumbini zimekoma, jambo ambalo binafsi linanisikitisha kidogo, lakini hakuna anayelazimika kununua majani ambayo hajayaonja.

Ninachoziomba ofisi zetu zinazouza mali mnadani ni kidogo. Orodha ya vitu ibandikwe mlangoni wiki moja kabla, pamoja na bei ya kuanzia. Wanunuzi waruhusiwe kuja na mafundi wao siku ya kuamkia mnada, wafungue, wapime, waulize. Bei ya mwisho ya kila kitu iandikwe kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Na kama ni jenereta, itiwe mafuta na iwashwe uani, mbele ya watu, kabla mtu wa kwanza hajataja dola zake.