Spika ibaki mfukoni

Nina ugomvi na vile vispika vidogo. Vinaunganishwa na simu, vinaning'inizwa kwenye mkanda, kisha vinalizwa msituni kwa sauti ya ndege iliyorekodiwa, ili ndege mwenyewe ajitokeze apigwe picha. Ukienda kulala Amani, kule Usambara Mashariki juu ya Muheza, usishangae kuvikuta.

Anayesakwa kuliko wote ni kidege cha kijivujivu chenye mdomo mrefu mwembamba, Artisornis moreaui. Jina hilo linatokana na Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuja kufanya kazi Amani mwaka 1928. Ukiacha milima hii, ndege wa aina hiyo wako uwanda wa juu wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, basi. Hukaa ndani ya mimea itambaayo, pale msitu ulipopata upenyo wa jua, na hatoki hovyo. Ndiyo maana watu wanamwita kwa spika.

Sasa mfikirieni yeye. Anachosikia ni dume mwenzake aliyevamia himaya yake. Anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na mtu ambaye hayupo. Mara moja pengine si neno. Lakini waongoza wageni wanakijua kichaka chake, kwa hiyo kila kundi linapelekwa palepale, kwa ndege yuleyule.

Vijana wanaoongoza siwalaumu sana. Mteja katoka Ulaya na orodha yake, akirudi bila ndege huyo ananuna, na bahasha inakuwa nyepesi. Nani atakubali? Tatizo ni sisi wageni kulipia ndege badala ya kulipia masikio ya mtu anayeujua msitu.

Maana masikio hayo nimeyaona yakifanya kazi. Asubuhi ya manyunyu, mzee aliyetuongoza alitukataza kufungua miavuli. Matone yakigonga kitambaa, alisema, hasikii kitu. Akasimama, mdomo wazi kidogo, kidole juu. "Tulieni wanangu, yuko kushoto, anashuka." Mimi nilisikia maji tu. Punde ndege aitwaye chozi akatua kwenye ua, karibu kiasi kwamba darubini ilikuwa usumbufu. Hondohondo hawahitaji mtaalamu: wakipita juu, mabawa yanavuma kama basi kuukuu linalopanda mlima.

Na sisi wa Tanga je? Maji tunayokunywa mjini yanatoka mto Zigi, unaoanzia humo humo, lakini waliowahi kulala huko juu ni wachache. Hifadhi ilitangazwa 1997, bustani ya mimea ipo tangu enzi za Wajerumani, 1902. Malazi ni ya kawaida, chakula ni wali na maharage, usiku baridi ya kutosha. Chukueni sweta na viatu vya kushika tope.

Mkifika, semeni na mwongozaji mapema, kabla ya kupatana bei: mnamlipa kwa siku nzima, ndege aonekane asionekane, na spika ibaki mfukoni.