Chensoo ya kopi au orijino ya mtumba: hesabu ya Mwanza

Kwenye karakana za injini ndogo za Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Igoma, kuna ubishi usioisha. Mteja anataka chensoo, msumeno wa cheni unaoendeshwa na injini. Fundi mmoja anamshauri anunue mpya ya kopi kutoka China, yenye injini ya sentimita za ujazo 52 au 58, aondoke nayo leoleo ikiwa kwenye boksi. Fundi wa pili anamwambia asipoteze hela: ajikaze, aongeze, achukue orijino ya mtumba, Stihl au Husqvarna, ivunjwe yote, iwekewe ringi na sili mpya, na hiyo itamzika mwenyewe. Wa kwanza anaambiwa anauza takataka. Wa pili anaambiwa anauza makaburi.

Wote wawili wana hoja, na wote wawili husahau kumuuliza mteja anaenda kukata nini.

Tuanze na kopi, maana ndiyo inayotukanwa zaidi. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya orijino mpya, na hilo peke yake linamwingiza kazini kijana ambaye vinginevyo angebaki na shoka. Wapinzani wake hupenda kusema rahisi huvunja upishi. Sawa, lakini asiye na sufuria hapiki kabisa. Halafu kuna spea. Mashine za aina ya 5200 na 5800, hata zikiwa na majina kumi tofauti na rangi za kila namna, kwa sehemu kubwa zinaingiliana vifaa: kabureta, koili, pistoni na ringi zake, kiwashio cha kamba. Mtu wa Sengerema au Ukerewe akiharibikiwa na koili anapata nyingine mjini kwa safari moja. Mwenye mashine ya kifahari ya toleo jipya anaweza kukaa wiki kadhaa akisubiri kifaa kiagizwe, na siku hizo zote magogo yapo chini na wateja wanapiga simu.

Kuna na jambo la kisheria ambalo wabishi hulichanganya. Hataza, yaani haki ya mbunifu kuzuia wengine wasiige kazi yake, hudumu miaka 20. Muundo wa injini uliobuniwa miaka ya 1960 au 1970 umeshatoka mikononi mwa mbunifu, na kiwanda chochote kinaweza kuuiga bila kuvunja sheria. Kosa ni kubandika jina la mwenzako juu ya kazi yako. Huko ndiko inakoingia Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kwa hiyo chensoo ya kopi yenye jina lake yenyewe ni bidhaa halali. Ile yenye rangi ya chungwa na nembo ya Stihl ya Wajerumani kwa bei ya kutupa ni udanganyifu, na muuzaji analijua hilo kabla ya mnunuzi.

Udhaifu wa kopi upo ndani, usikoonekana dukani. Silinda nzuri hupakwa ndani tabaka gumu sana ili pistoni isiikwaruze, na kwenye mashine nyingi za bei ya chini tabaka hilo ni jembamba au halikushika vizuri. Beringi za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ni za kubahatisha. Cheni inayokuja kwenye boksi hurefuka upesi, inakazwa asubuhi na mchana imelegea tena. Haya hayamsumbui mtu anayekata matawi nusu saa kwa mwezi. Yanamuua mpasua mbao. Kupasua gogo kwa urefu ni kushikilia mafuta hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo, na injini ya sentimita za ujazo 52 haikuumbwa kwa adhabu hiyo. Anayeinunua kwa kazi ya mbao atanunua ya pili kabla hajamaliza kuilipia ya kwanza.

Sasa twende kwa orijino ya mtumba. Mfalme wa wapasua mbao katika sehemu nyingi za Afrika ni Stihl 070. Injini yake ina takriban sentimita za ujazo 106, mara mbili ya kopi ndogo. Ni nzito, haina haraka, lakini ina nguvu ya kuburuta cheni ndani ya gogo la mninga bila kulalamika. Ina sehemu chache za kuharibika na fundi anaweza kuivunja akiwa porini. Sifa zake ni za kweli.

Ila ina siri ambayo wapenzi wake hawaitangazi: haina breki ya cheni. Ilibuniwa kabla breki hiyo haijawa jambo la kawaida. Breki ya cheni ni ule mkono wa mbele unaosukumwa na mgongo wa kiganja mashine inaporuka, na cheni inasimama kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mashine huruka pale ncha ya juu ya baa, ule upanga wa chuma unaobeba cheni, inapogusa gogo au tawi, kwa kasi ambayo hakuna mtu anayewahi kuizuia kwa mikono yake, na inaruka kuelekea usoni na shingoni. Kwa hiyo tunafika mahali pa ajabu: kopi inayodharauliwa inakuja na breki, na mfalme anayeheshimiwa hana. Ningependa watetezi wa orijino wajibu hili kabla hawajaendelea na hotuba. Kwa upande wa pili, breki ya kopi mara nyingi hukwama kwa unga wa mbao na oili, na fundi mvivu huifungua na kuitupa ili mteja asirudi kulalamika. Breki inajaribiwa kwa sekunde chache tu: washa, zungusha cheni hewani, sukuma mkono wa mbele. Isiposimama papo hapo, mashine hiyo haijatengenezwa, hata kama inanguruma vizuri namna gani.

Jambo jingine kuhusu huo mtumba. Chensoo iliyofufuliwa mara tatu inabaki na kitu gani cha asili? Mara nyingi ni bodi na krenki tu. Silinda ni ya China, kabureta ya China, koili ya China, kwa sababu ndizo zinazopatikana na zinaingia. Kopi na orijino zinaishi kwa kutegemeana kuliko mafundi wanavyokiri: spea za bei nafuu ndizo zinazozifanya mashine kongwe zisife. Mnunuzi anapolipia jina, ahakikishe analipia na kilichomo. Dawa ni kufungua ekzosi, kuchungulia pistoni kwa tochi. Ikiwa ina mikwaruzo ya wima, hayo mengine yote ni maneno.

Lakini hata tukimaliza ubishi wa mashine, kuna hasara kubwa zaidi ambayo haibagui kopi wala orijino. Cheni ya chensoo kubwa hula takriban milimita 10 za ubao kila inapopita. Msumeno wa mkanda wa kiwandani hula kama milimita 3. Chukua gogo lililochongwa hadi sentimita 30 na ulipasue mbao za milimita 25. Kwa chensoo utapata mbao 8. Kwa msumeno wa mkanda utapata 10. Mbao mbili zimegeuka unga, na hapo tumechukulia kwamba mkono wa mpasuaji haukuyumba hata kidogo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Je, ni ujinga basi kupasua kwa chensoo? Hapana. Gogo likiwa mlimani kati ya mawe, au kwenye kisiwa ambacho gari la kubeba magogo halifiki, mbao 8 zilizopo ni bora kuliko 10 za kwenye karatasi. Palipo na barabara na kiwanda jirani, sioni utetezi.

Mpasuaji angeweza angalau kupunguza mateso ya injini kwa kunoa cheni inavyotakiwa. Cheni hutoka dukani ikiwa imenolewa kwa pembe ya karibu nyuzi 30, ambayo ni ya kukata gogo kwa upana. Kwa kupasua kwa urefu, nyuzi 10 hivi ndizo zinazotoa ubao laini na kuirahisishia injini. Kazi hiyo inahitaji tupa ya duara tu, lakini wengi hawajawahi kuambiwa.

Na hapo ndipo ninapowashika mafundi na wauzaji wote kwa pamoja. Mashine nyingi zinazokufa mapema Mwanza zinauawa na mafuta. Injini ya mipigo miwili haina sampu, yaani bakuli la oili chini yake, inalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Stihl na Husqvarna hutaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili inayofaa, yaani mililita 20 kwa lita. Vitabu vingi vya kopi husema 25 kwa moja, mililita 40 kwa lita. Mnunuzi hupewa boksi lenye kitabu cha Kiingereza kibovu na Kichina kizuri, anakwenda kukisia kwa jicho. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa lingemaliza tatizo hili, na bei yake ni ndogo kuliko soda.

Kando ya ziwa tuna tatizo letu la ziada. Watu wa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapofikia, wanajua kuchanganya petroli na oili tangu utotoni, kwa sababu ya injini za boti. Basi mtu anachukua oili ileile ya boti anaitia kwenye chensoo. Kwenye chupa imeandikwa TC-W3, na hiyo ni oili iliyotengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Chensoo inapozwa na upepo, joto lake ni kali zaidi, na oili hiyo haikutengenezwa kwa joto hilo. Chupa inayotakiwa huwa na maandishi JASO FD, au angalau inasema wazi kuwa ni ya injini za mipigo miwili zinazopozwa na hewa. Mzoefu wa boti ndiye anayeangukia hapa kuliko mgeni, kwa sababu mgeni huuliza.

Kabureta nayo ina hadithi yake. Skrubu ya H, inayopima petroli injini ikiwa kwenye kasi kubwa, ikikazwa zaidi, petroli inapungua, injini inalia kwa sauti kali na mteja anafurahi kwamba imechangamka. Kwa kweli inaungua: petroli ikipungua, na oili iliyomo ndani yake inapungua. Fundi anayeiacha hivyo ili kumridhisha mteja mlangoni anajitengenezea kazi ya mwezi ujao. Sisemi wote hufanya makusudi.

Vifaa vya bustani vina ubishi mwepesi zaidi. Mashine ya kufyekea majani ya kopi inatosha kabisa kwa nyumba nyingi, na ningeinunua bila kusitasita. Shida ya Mwanza ni mawe. Kwenye viwanja vya Isamilo au Capri Point kisu cha chuma kinachozunguka kikigonga jabali huvunjika au hurusha kokoto kama risasi, na ndiyo maana watengenezaji huagiza watu wakae umbali wa mita 15. Tumia uzi wa nailoni, vaa miwani. Mashine za betri nazo zimeanza kuonekana. Hazina kabureta wala kuchanganya mafuta, kwa bustani ni nzuri, ila betri ikichoka bei ya nyingine humrudisha mtu kwenye petroli.

Kuna wanaosema ubishi wote huu ni anasa, na kwamba chensoo rahisi ingepigwa marufuku tu kwa sababu inamaliza misitu. Hoja si ya kupuuza. Mashine inayomwezesha mkulima kuvuna mikaratusi yake ndiyo hiyohiyo inayomwezesha mwizi kuingia hifadhini usiku. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inashughulika na mti na safari ya mazao yake: kibali cha kuvuna, kibali cha kusafirisha. Wakala wa Huduma za Misitu akikagua mzigo barabarani anakamata mbao haramu ziwe zimepasuliwa na kopi, orijino au msumeno wa watu wawili. Kupandisha bei ya mashine kunamzuia maskini mwaminifu kwanza. Mwizi mwenye mtaji hazuiliki kwa bei.

Basi ukinibana nichague, nasema hivi. Anayekata kuni, matawi na nguzo za uzio achukue kopi yenye breki inayofanya kazi, na abadilishe cheni ya boksi kwa cheni nzuri siku ya kwanza. Anayeishi kwa kupasua mbao atafute mashine kubwa ya mtumba ya toleo lenye breki, akague pistoni kabla ya kulipa, na asiwe mtu wa ndala: kuna suruali zenye nyuzi ndefu ndani zinazoisonga cheni kabla haijafika pajani, na ni rahisi kuliko mguu.

Mwenye mwembe mmoja unaoegemea bati hahitaji kununua chochote. Aite mkataji. Kama tawi linagusa waya, TANESCO waitwe kwanza wakate umeme. Halafu wakubaliane kabla cheni haijazunguka, tena mbele ya shahidi: nani atalipa bati, nani atalipa ukuta wa jirani, na nani atalipa hospitali ya Bugando.