Mkaguzi wa shehena asiishie gatini

Lori liliingia ghalani kwetu Barabara ya Nyerere saa tatu usiku. Turubai limekazwa, sili, kile kifungo chenye namba cha kuonyesha mzigo haujafunguliwa njiani, inaning'inia mahali pake. Nikaimulika kwa tochi ya simu. Kwenye hati ya kutokea bandarini namba iliishia na 3, kwenye sili iliishia na 8. Dereva akaniambia, "Kaka, huo ni mwandiko tu." Tukalipandisha kwenye mizani: ngano imepungua kilo 640.

Hasara ilimwangukia bosi wangu, maana wengine wote walikuwa na karatasi safi. Meli ilishatoa, mizani ya bandarini ilishapitisha, mwenye lori akasema amekabidhi sili nzima. Na kweli ilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo sikubaliani kabisa na wanaosema ukaguzi wa shehena ya kichele, yaani inayomwagwa melini bila magunia, unakwisha meli ikishapimwa. Kipimo chenyewe nakiheshimu sana. Mkaguzi anaizunguka meli kwa boti, anasoma alama za kina mbele, katikati na nyuma, pande zote mbili, akivizia wimbi litulie; kwa jinsi meli ilivyozama ndivyo anavyokokotoa uzito wa mzigo. Anachota maji ya bandari kwa ndoo na kuyapima uzito wake kwa kifaa kiitwacho haidromita, kwa sababu meli huzama zaidi kwenye maji mepesi. Hata akifanya kazi yake vizuri, tofauti ya nusu asilimia ni ya kawaida. Kwa meli ya tani 30,000 hizo ni tani 150, malori matano hivi. Hapo ndipo wizi unapojificha.

Kwa hiyo mkaguzi huru afuate mzigo hadi ghalani, na alipwe na muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Anayelipwa na upande mmoja anaweza kuwa mwaminifu kupita wote, lakini siku ya ugomvi nani atamwamini? Gharama ipo, sikatai. Bosi wangu ameilipa mara nyingi kwa ngano isiyofika.

Na jambo moja watu hulipuuza: sili ambazo hazijatumika. Azitunze mkaguzi mwenyewe, azihesabu jioni, zilizokatwa azirudishe na kuziandika. Ile iliyoishia na 8 tulikuja kugundua ilitoka boksi moja na ile ya 3, na boksi hilo lilishinda mchana kutwa mezani gatini, wazi, bila mtu.