Kwetu Malindi Setilaiti Ilipaa, Waitaliano Wakabaki

Jamani kuzaliwa Malindi ni kazi, niulizeni mimi. Mji huu umependa wageni tangu enzi na enzi, eti 1415 wakubwa wa hapa walipeleka twiga mpaka China, twiga mzima na shingo yake, baharini, na mimi juzi natuma gunia la maembe Nairobi kondakta ananiambia limezidi kilo niongeze hela. Halafu kabla ya hapo na baada ya hapo ni wageni tu. 1498 akaja Vasco da Gama, Mombasa wamemtimua, akaja zake huku akapigiwa siwa, akaletewa kondoo, na akapewa rubani wa kumfikisha India juu. Nguzo yake ipo pale ufuoni mpaka leo, nenda uiangalie uone kama hujadaiwa kiingilio. Yeye aliingia bure na kondoo juu, mimi mwenyeji nalipa!

Tuyaache hayo. Miaka ya 1930 masetla wa bara wakaanza kushuka kuvua samaki, hoteli zikaanza moja moja, hata Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, kavua huku, sawa, hao walikuwa wachache.

Balaa lenyewe ni Ngomeni, hapo kaskazini ya Malindi. Miaka ya 60 Waitaliano wakaja wakasimamisha majukwaa baharini ya kurushia roketi, 1967 wakarusha setilaiti, na 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri kabisa, ikarushwa nyingine ikaitwa Uhuru. Sasa setilaiti ikaenda zake juu, Waitaliano wakabaki chini. Wakaona mchanga, wakaona jua, wakaambia binamu zao. Vila, piza, jelato, kazino, na leo mama muuza samaki anahesabu uno due tre kuliko watoto wa shule.

Mimi sina ugomvi na mtu, ugomvi wangu ni njia. Kuna kinjia tulikuwa tunapita utotoni kwenda kuogelea, sasa huku ukuta, huku ukuta, katikati pamebaki upana wa punda mmoja na huyo punda awe hajabeba kitu. Mwisho wa kinjia pana geti, na askari wa geti ni kijana wa jirani, mamake namwita shangazi, harusi yake nimebeba viti mimi. Ananiangalia toka kichwani mpaka kwenye slipa, "Buongiorno, dove vai?" yaani habari ya asubuhi, unakwenda wapi? Nikamwambia wewe, shangazi hajambo? Kimya, macho mbele kama kifaru. Basi nikakohoa nikamwambia "ciao amico, spiaggia", yaani mambo rafiki, naenda ufuoni, geti ikafunguka na saluti nikapigiwa.

Tena haya ni ya sizoni. Desemba bei ya kila kitu inapanda, mpaka dafu linakuona rangi kabla ya kukutajia bei. Ikifika Aprili mvua zinaanza, hoteli zinafunga, vila zinabaki na paka, na kitu pekee kisichokwenda likizo ni kodi ya nyumba yangu. 2020 corona ndio usiseme, ndege hakuna, bichi boi wote tulikuwa tunauziana sisi kwa sisi vinyago, na ati tunapunguziana bei.

Sasa bahari nayo inahama. Mto Sabaki kila masika unateremsha tope jekundu kutoka bara, mchanga unajaa ghubani, ufuo unapanuka, wale waliojenga mbele ya maji siku hizi mgeni wao anatembea juani mpaka nyayo zinaungua ndio apate kulowesha kidole. Nikasema heko, hii ardhi mpya hata babu hakuijua, haina mwenyewe, wacha nikapige kibanda changu cha madafu mapema kabla watu hawajaamka. Nimefika na makuti yangu kichwani alfajiri, sijatua mzigo, nikaona kibao kimeshachomekwa: PROPRIETÀ PRIVATA, yaani mali ya mtu binafsi. Na kando yake kijana wa shangazi yuko kwenye kiti, yuko shifti ya usiku.